Bodaboda Akivunjika Mguu, Nani Anaandika Kuwa Alikuwa Kazini?

Mwaka 2010, daktari wa upasuaji Phillipo Chalya na wenzake wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando walichapisha utafiti kuhusu majeruhi wa pikipiki jijini Mwanza. Waliwafuatilia waliopokelewa hospitalini hapo kati ya Machi 2009 na Februari 2010, wakapata wagonjwa 384. Hao peke yao walikuwa zaidi ya theluthi moja ya majeruhi wote wa ajali za barabarani waliopandishwa kilima cha Bugando katika kipindi hicho. Mifupa na vichwa ndivyo vilivyoumia zaidi. Bodaboda zilikuwa bado ngeni mjini, na watafiti wakazitaja kama tatizo la afya ya jamii linaloanza kuchipuka.

Limeshachipuka, limezaa na lina wajukuu. Tangu wakati huo zimeandikwa tafiti nyingi za namna hiyo, Dar es Salaam, Moshi na hapahapa kwetu. Nyingi ni kazi nzuri, zimefanywa na watu wanaoshinda wodini na kuandika usiku. Lakini ukizisoma kwa mfululizo utaona swali moja linarukwa karibu kila mara. Tunaambiwa umri wa majeruhi, jinsi yake, kiungo kilichoumia, siku alizolazwa, kama alivaa kofia ngumu, kama alikuwa amekunywa pombe. Hatuambiwi kama alikuwa kazini. Aliamka saa ngapi siku ile? Pikipiki ni ya nani? Hesabu ya tajiri, yaani fedha anayompelekea mwenye pikipiki kila siku, ni shilingi ngapi, na mpaka anaanguka alikuwa amefikisha ngapi? Abiria alimpata kijiweni au aliletwa na programu ya simu?

Wapo watakaoona hilo ni jambo dogo la fomu. Mimi naona ndilo lenyewe. Kijana akiandikwa "ajali ya barabarani", dawa zinazofuata zinajulikana kabla hujafungua mdomo: elimu kwa madereva, kofia ngumu, leseni, operesheni ya trafiki, onyo la mwendokasi. Akiandikwa "ameumia kazini", yanafuata maswali ya aina nyingine kabisa: kazi hiyo nani ameipanga, kwa malipo gani, kwa saa ngapi, na nani anapaswa kumlipia wiki atakazokaa kitandani. Kijana ni yuleyule, goti ni lilelile. Safu ya daftari tu ndiyo imebadilika, na pamoja nayo amebadilika mtu wa kuwajibishwa.

Sisemi elimu ya kofia ngumu ni ya bure. Uchambuzi wa mwaka 2008 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulikuta kofia ngumu inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna mwenye akili atakayebishana na hilo. Ila muulize abiria wa Kirumba kwa nini anaikataa kofia ya abiria, naye atakujibu bila kuficha: imevaliwa na vichwa kumi tangu asubuhi, ina jasho, na yeye amesuka jana. Nani alipaswa kununua kofia ya pili, na kitambaa cha ndani cha kubadilisha? Katika kazi yenye mwajiri jibu lipo kwenye sheria. Kijiweni jibu ni kwamba kila mtu ajitegemee.

Huko kwa wenzetu somo hili lina umri mrefu kuliko programu zenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa afya kazini Michael Quinlan, Claire Mayhew na Philip Bohle walipitia maandiko 93 kuhusu ajira zisizo na uhakika, yaani vibarua, kandarasi ndogondogo, kazi za muda na mfano wake. Katika hayo, 76 yalionyesha kuwa usalama na afya ya wafanyakazi vilizorota. Wakati huo hapakuwa na simu ya kugusa hata moja mfukoni mwa dereva. Baadaye Quinlan na Bohle wakapanga sababu katika mafungu matatu: shinikizo la kipato, mparaganyiko wa mahali pa kazi, na sheria zisizomfikia mhusika. Niliposoma hayo matatu nilimwona bodaboda wa Buzuruga amesimama katikati yake.

Tuanze na shinikizo, maana ndilo lenye mambo mengi. Vijana wengi wa Mwanza wanaendesha pikipiki za watu kwa hesabu ya siku, au kwa mkataba: unapeleka fedha kila siku mpaka muda uliokubaliwa uishe, kisha chombo kinakuwa chako. Hesabu haina mvua wala malaria. Ikifika jioni hujaipata, unaongeza saa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Walikadiria vifo 745,000 kwa mwaka 2016 pekee. Bodaboda anayetoka alfajiri kuwahi abiria wa mabasi na kurudi baada ya watu wa baa kutawanyika anazimaliza saa 55 kabla ya Ijumaa. Na hapo hatujafika kwenye ajali. Tunazungumzia moyo na mishipa ya damu, vitu visivyoandikwa popote kuwa vimetokana na pikipiki.

Programu za teksi mtandao zilipofika Mwanza hazikuiondoa hesabu. Zilikaa juu yake. Sasa tajiri anataka chake, na kampuni inakata kamisheni yake. Halafu kuna simu yenyewe. Itazame ilivyofungwa kwenye usukani kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani, kioo kina nyufa, mvua ikinyesha inavishwa mfuko wa nailoni. Dereva anateremka kutoka Bugando, abiria nyuma amekumbatia ndoo, gurudumu la mbele linatafuta njia kati ya kokoto na mtaro. Simu inalia. Rikwesti, yaani ombi la safari, imeingia, na kwenye kioo muda wa kuikubali unapungua kwa sekunde. Ana mikono miwili tu, mmoja uko kwenye breki. Akiiacha, itakwenda kwa mwingine, na anaamini kuwa ukiacha sana programu inakununia. Anatoa kidole.

Nicola Christie na Heather Ward wa Chuo Kikuu cha London, UCL, waliwauliza madereva na wasambazaji wa kazi za namna hii Uingereza, wakatoa ripoti mwaka 2018. Asilimia 40 walisema programu huwatoa mawazo wakiwa barabarani. Asilimia 63 hawakuwahi kupewa mafunzo ya kukabili hatari za njiani. Asilimia 42 walisema vyombo vyao vilishaharibika kwa kugongana wakiwa kazini. Hiyo ni Uingereza, kwenye lami iliyochorwa mistari na taa zinazowaka. Na jambo la maana zaidi ni kwamba watafiti wale hawakuishia kumuuliza dereva alikimbia kiasi gani. Walimuuliza kwa nini, na wengi wakalitaja shinikizo la muda.

Mwanza ina la kwake ambalo London haina, nalo ni mawe. Programu inapiga nauli kwa umbali na muda. Mteja wa Mabatini juu au Igogo anaonekana kwenye ramani yuko hatua chache kutoka barabara ya lami. Kumbe kati yake na lami kuna mwinuko ambao mbuzi wenyewe wanaupanda kwa kufikiri. Dereva anafika chini ya mwamba, anapiga simu, mteja anasema "panda tu, wenzako wanapanda". Akikataa, anapewa nyota moja. Sijui ni mhandisi wa nchi gani aliyeandika hesabu ile ya nauli, lakini naamini hakuwahi kushuka Isamilo kwenye matope ya Aprili.

Kuhusu uhusiano wa malipo na usalama, kuna ushahidi wa muda mrefu kutoka kwa madereva wa malori wa Marekani. Mchumi Michael Belzer ameandika kwa miongo kadhaa akionyesha kuwa malipo yakipanda, na muda wa kusubiri ukilipwa, ajali hupungua, kwa sababu dereva hana haja ya kufidia njiani alichopoteza akiwa amekaa. Bodaboda wa mtandaoni halipwi dakika hata moja ya kusubiri rikwesti. Anazifidia wapi? Zinafidiwa Barabara ya Nyerere kati ya Mabatini na Nyakato, mbele ya daladala.

Hapo naona tulipoteza nafasi kubwa. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilishusha kiwango cha juu cha kamisheni ya teksi mtandao hadi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi asilimia 25, na Uber ikarudi mwanzoni mwa 2023. Magazeti yaliandika sana: kampuni zinasema hivi, madereva wanasema vile, mamlaka inasimama hapa. Kwa mtafiti wa afya kazini lile lilikuwa jaribio ambalo fedha haziwezi kulinunua: sehemu ya dereva katika kila nauli ilipanda, kisha ikashuka, ndani ya mwaka mmoja, kwa tarehe zinazojulikana. Je, madereva walipunguza saa kamisheni iliposhuka? Majeruhi walipungua? Maswali hayo yanajibika kwa takwimu za hospitali ukiziweka sambamba na tarehe, ilimradi hospitali ziwe zimeandika nani alikuwa kazini na nani alikuwa anakwenda harusini. Tumerudi palepale kwenye fomu.

Kuna kasoro nyingine, na hii inawahusu hata wenye maswali mazuri. Wanaokwenda kufanya utafiti kijiweni huwakuta walio wazima. Yule aliyevunjika nyonga ameshaondoka, yuko kwao Sengerema au Misungwi anafuga kuku, au hana kazi kabisa. Wataalamu wa magonjwa ya kazini wanaifahamu hali hii tangu zamani: kazi inayoumiza inawatoa walioumia, na waliobaki wanaonekana wenye afya kuliko watu wa mtaani. Hospitali nayo inawaona waliofika tu. Katikati wamebaki wengi: mwenye kiuno kinachowaka kila jioni, aliyeungua muundi kwa bomba la moshi, aliyeteguka kifundo akasuguliwa na maji ya moto na bibi mwenye mikono yake, aliyenunua vidonge vya maumivu duka la dawa na asubuhi akarudi barabarani kwa sababu hesabu inadai. Hao hawapo kijiweni kama wagonjwa, wala hawapo Bugando kama majeruhi.

Lakini wapo mahali pamoja. Vijiwe vingi vina utaratibu wa kuchangiana, na mahali palipo na mchango pana daftari. Kijiwe kimoja cha upande wa Mkuyuni kinatumia kaunta buku lenye jalada gumu, limefungwa kwa mpira wa tairi, linakaa kwa katibu ambaye ni dereva kama wenzake. Kila mwanachama aliyepata tatizo ana ukurasa wake: jina, tarehe, neno moja au mawili kama "kavunjika mkono", "kagongwa na hiace", "homa", "msiba wa mama", halafu orodha ya waliotoa elfu mbili na ambao bado. Mbele ya majina ya ambao bado kuna alama ya kuuliza, na nyingine zimekolezwa kwa hasira. Kwa mtafiti hiyo ni hazina. Inajua jumla ya wanachama, inajua nani aliumia na lini, na mara nyingi inajua alirudi kazini lini, maana ukurasa unafungwa akirudi. Ni kumbukumbu ya ajali kazini iliyoandikwa na wafanyakazi wenyewe, bila ruzuku ya mtu, na sijaona chuo kilichoiomba.

Yapo madai kwamba watu wa vijiweni hawapendi kuhojiwa. Wamechoka, hilo ni kweli. Mtafiti anakuja na kishikwambi, anauliza maswali kwa dakika arobaini, anatoa soda, anaondoka. Matokeo yanatoka baada ya miaka miwili kwa Kiingereza, kwenye jarida la kulipia. Vibali vyote vipo, muhuri wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, upo, wa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, upo, lakini hakuna kibali kinachomlazimisha kurudi kijiweni kusema alichokikuta. Ningekuwa katibu wa kijiwe ningelificha daftari mpaka nione mtu amerudi.

Kusema kweli, ufukweni mwa ziwa hatukupaswa kusubiri simu za mkononi ndipo tuielewe kazi ya namna hii. Mtumbwi ni wa tajiri, injini ni ya tajiri, nyavu na taa ni za tajiri. Wavuvi wanalipwa kwa mgawo wa kilichopatikana baada ya kutoa gharama. Ziwa likikataa, wamekesha bure. Wavuvi wa dagaa wanaingia majini usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa. Kwa hiyo hatari haikuja kwa bahati mbaya, imo kwenye ratiba ya kazi. Mwimbo ni huohuo: wewe si mwajiriwa wangu, tunagawana tu. Ila ukifuatilia nani anaamua mtumbwi utoke jioni ambayo upepo umeshaonekana upande wa Ukerewe, mgawanyo wa maamuzi haufanani na huo mgawo.

Mwaka 2019 jarida la BMJ Open lilichapisha utafiti kuhusu vifo vya kuzama katika jamii za wavuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, wenye watafiti wa Mwanza ndani yake. Kilichonivutia ni njia waliyoitumia. Walikwenda kwenye jamii zenyewe kuuliza nani amekufa maji. Ukitaka kuhesabu waliozama kwa kutumia daftari la hospitali utapata karibu na sifuri, kwa kuwa aliyezama hapelekwi wodini. MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018 tunazikumbuka kwa tarehe, zina kaburi la pamoja na mnara. Wanaozama wawiliwawili usiku wa dagaa wanakumbukwa na mwalo wao tu. Ikiwa watafiti waliweza kuwahesabu wale ambao ziwa limewameza, kuwahesabu bodaboda walio hai hakuwezi kuwa kazi isiyowezekana.

Sasa sheria, ambapo watu husema "bodaboda amejiajiri" kisha wakafunga mjadala. Anayefunga mjadala hivyo hajasoma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kinasema anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa. Miongoni mwake: namna anavyofanya kazi inadhibitiwa au kuelekezwa na mwingine, anamtegemea mwingine kiuchumi, amepewa vifaa vya kazi, au amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa arobaini na tano kwa mwezi! Wapo wanaozifikisha Jumatano ya wiki ya kwanza. Nani atakuwa huyo "mtu mwingine", tajiri wa pikipiki au kampuni ya programu, ni hoja ya mahakamani na ina ugumu wake, sitaki kuirahisisha. Ila hoja haiwezi kufika mahakamani ikiwa hakuna aliyeziandika saa.

Inafaa kujua kinachopotea pale jibu linapokuwa "amejiajiri". Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake. Kwa sekta binafsi ni nusu asilimia ya mishahara. Mwajiriwa akivunjika mguu kazini, mfuko unagharimia matibabu na kumlipa fidia kwa siku asizofanya kazi. Asiye mwajiriwa hana wa kumchangia. Bima ndogo ya pikipiki inawaangalia wengine walioumizwa, haimwangalii aliyekuwa anaendesha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ikitekelezwa ilivyokusudiwa, itasaidia kwenye bili ya vyuma na plasta. Haitalipa hesabu. Na pikipiki yenyewe haikai ikimsubiri: wiki hiyohiyo tajiri anampa kijana mwingine, na mwenye mguu akipona anakuta mkataba aliokuwa ameubakiza miezi michache umeshahama.

Wenye kampuni wana hoja moja ambayo siidharau. Wanasema vijana wenyewe wanapenda uhuru: unawasha unapotaka, unazima unapotaka. Ni kweli, wapo wanaopenda hivyo, na wengine wana shamba au duka na pikipiki ni nyongeza. Lakini mahakama za Uingereza zilionyesha kuwa si lazima umfanye mtu mwajiriwa kamili ndipo umlinde. Novemba 2020, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wafanyakazi IWGB, Mahakama Kuu ilisema serikali ilikosea kuwabagua wafanyakazi wa daraja la kati, yaani walio kati ya mwajiriwa na aliyejiajiri, wakiwamo wa programu, katika haki ya kupewa vifaa vya kujikinga na haki ya kuondoka penye hatari kubwa bila kuadhibiwa. Fikiria haki hiyo ya pili chini ya mwamba wa Mabatini: dereva anasema hapa sipandi, na nyota zake hazishuki.

Upepo wa dunia unaelekea huko. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kwenye haki za msingi za kazi. Juni 2025 mkutano wake uliamua kuwa kanuni zitakazotungwa kwa kazi za majukwaa ya kidijitali ziwe na mkataba wenye nguvu ya kisheria kwa nchi zitakazouridhia, ukisindikizwa na pendekezo. Siku Tanzania itakapoulizwa msimamo wake, ni vizuri mjumbe wetu awe na takwimu za Igoma na Nyegezi mkononi kuliko za London.

Takwimu hizo zipo, tena zimehifadhiwa vizuri kuliko za hospitali yoyote. Programu inajua dereva aliwasha saa ngapi na akazima saa ngapi, alikwenda kwa kasi gani, alisubiri dakika ngapi bila malipo, na safari ipi ilikatika katikati na haikuendelea tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Uholanzi, madereva wa Uber na Ola walikwenda hadi Mahakama ya Rufani ya Amsterdam kudai haki ya namna hiyo chini ya sheria za Ulaya, na Aprili 2023 wakashinda sehemu kubwa ya madai yao. Hapa kwetu sheria ipo, tume ya kuisimamia ipo, na madereva wenye simu wapo. Kitivo cha sheria cha SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, pale Malimbe kinaweza kuwasaidia kuandika barua za maombi; madaktari wa CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, wanaweza kuongeza swali la kazi kwenye fomu zao; vijiwe vina madaftari yao. Vyuo vyote viwili viko Mwanza hii hii, nauli ya daladala inatosha.

Kikwazo kikubwa naona kitakuwa deiwaka, yaani dereva anayeachiwa chombo cha mwenzake kwa zamu. Akaunti imesajiliwa kwa jina la mmoja, picha ni yake, leseni ni yake. Mchana anaendesha mwenyewe, jioni anampa kijana mwingine chombo na simu, na asubuhi wanagawana. Kijana huyo hayupo kwenye programu, hayupo LATRA, hayupo kwenye daftari la mchango kwa kuwa si mwanachama, na usiku ndiyo zamu yake. Mtafiti atakayezipokea kumbukumbu za kampuni bila kwanza kukaa kijiweni na kuuliza nani alikuwa anaendesha saa ngapi, atatuletea binadamu anayefanya kazi saa ishirini kwa siku bila kulala, mwezi mzima. Kampuni itamcheka, na hapo itakuwa na haki ya kucheka.